Farasi wa Nyuma ya Shuka

"Simamisha! We kaka wa baiskeli, simamisha! Unaondoka na uzi wangu!"

Soko zima la Masasi liligeuka. Josephina, binti wa kijiji cha Chilangala, alikuwa anakimbia huku ameshika gauni lake la maua ya njano kwa mkono mmoja. Mbele yake baiskeli ilipita katikati ya mafungu ya muhogo, uzi wake mweupe wa sufu umenasa mnyororoni. Mwenye baiskeli aliposimama na kutabasamu, hasira zikampanda Josephina maradufu.

"Unacheka nini?"

"Nimefurahi, dada. Sijawahi kukimbiliwa na msichana mzuri."

"Nakimbilia uzi, sikukimbilii wewe!"

Aliitwa Dastani, fundi baiskeli wa Newala, kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa vizuri na kichwa kisicho na kofia. Alichuchumaa akauchomoa uzi taratibu. Ulikuwa umejaa grisi.

"Huu ulioharibika nifumie kofia," alisema. "Kwetu upepo wa asubuhi unakata masikio."

"Nikufumie wewe kama nani?"

"Nipe muda, nitakuwa fulani."

Akawa fulani kweli. Kila Jumapili baiskeli yake ilisikika Chilangala, akimwita "Jose wangu" na kumtania kwamba siku moja atampakia nyuma wahamie Newala. Josephina alijibu kwamba kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, naye asijitie hajui.

Ndipo gari la sinema la serikali ya Mwingereza likaja Newala. Dastani alimwekea Josephina nafasi mbele kabisa, akatandika koti lake. Lori alilopanda Josephina likapata pancha njiani. Alipofika, mbele hapakuwa na pa kutia mguu, akaketi na kina mama wenye watoto nyuma ya shuka jeupe lililotundikwa kuonyeshea picha. Na alipomwona farasi mweupe wa sinema akikimbia peke yake kurudi nyumbani kuita watu, bwana wake akiwa ameanguka mtoni, alilia bila haya. Sinema ilipokwisha, lori likawarudisha kabla hajamwona Dastani.

Farasi yule hakumtoka moyoni. Aliupanga mchoro wake juu ya mkeka, punje kwa punje: mahindi meupe ndiyo farasi, choroko ndiyo giza, kila punje kitanzi kimoja cha kofia. Kuku wakala mkia, akaupanga upya huku akiwatukana. Sinema haikuwa na rangi, kwa hiyo rangi alizitunga mwenyewe: usiku wa buluu na utepe mwekundu wa mto. Alifuma, akafumua, akafuma tena, hadi farasi wakaizunguka kofia nzima.

Dastani aliivaa, akaivua, akaitazama. Uso ukambadilika.

"Farasi huyu anakwenda upande wa kulia."

"Ndiyo."

"Wa sinema alikwenda kushoto. Nilimwona kwa macho yangu. Josephina, siku ile hukuwepo. Nilikutafuta mpaka shingo ikaniuma. Hii umesimuliwa. Ni nani aliyekusimulia? Yule dereva wa lori?"

"Dastani! Nimekwambia nilikuwepo."

"Basi farasi anasema vingine."

Akamrudishia kofia. Mtu aliyekesha na sindano kwa ajili ya masikio yake! Josephina alimfukuza na baiskeli yake, na Jumapili zote zilizofuata mlango wake haukufunguka. Mwongo? Yeye?

Sinema iliporudi, safari hii Masasi, alikwenda mapema, kofia ikiwa kikapuni. Akamkuta Dastani mbele, akaketi ubavuni mwake bila salamu.

"Leo atakuumbua farasi mwenyewe," alisema.

Farasi akatokea. Akakimbia kushoto.

"Umeona?" Dastani aliuliza polepole, na sauti yake haikuwa na furaha.

Josephina aliinuka, machozi yanamchoma. Alipita kando ya nguzo ya shuka ili aende zake, hataki hata kuaga. Pale nyuma, kati ya kina mama, aligeuka mara moja tu. Farasi alikuwa anakimbia kulia, vilevile alivyomfuma.

"Dastani!" alipaza sauti, watu wakaguna. "Dastani, njoo huku! Njoo sasa hivi!"

Akaja akijikwaa miguuni pa watu. Akatazama shuka. Akachungulia mbele, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Jose... kumbe ulikuwepo. Huku nyuma picha inageuka."

"Nilikwambia nilikuwepo! Kwa kinywa changu! Kinywa changu hakikutosha, mpaka farasi atoe ushahidi?"

"Nimekosa."

"Umekosa sana. Na kama sinema isingerudi? Ningekufa mwongo?"

Dastani aliketi mchangani, katikati ya kina mama, akanyoosha mkono. Josephina alimwacha na mkono hewani mpaka farasi akafika nyumbani. Kisha akamtupia kofia.

Aliivaa. "Mjomba wako nimfuate lini kwa posa?"

"Ukishaoa utakaa wapi?"

"Chilangala. Kwenu."

"Hapo sawa. Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika, mpenzi. Nipo."

Walioana baada ya mavuno ya korosho. Asubuhi za baridi Dastani alikwenda Newala na kofia yake kichwani, na kila mara alitokea mjuzi wa kumwambia kwamba mkewe alikosea, farasi yule alikimbia kushoto.

"Wewe ulikaa mbele," Dastani alimjibu. "Mke wangu alikuwepo, nyuma ya shuka."