Rejeta ya Jean Paul

Waliokuwepo uani kwa Mzee Anastazi, kijijini Nyamiaga, alasiri ile ya Jumapili mwaka 1995, walikuwa hawa: Mzee Anastazi mwenyewe; dada yake, Scholastika; binti wa Mzee, Jovina; Thobias, muuza vipuri vya magari mjini Ngara, aliyekuja kukamilisha posa; mshenga wake, Laurian; na Jean Paul, mkimbizi kutoka Rwanda, aliyehifadhiwa na familia hiyo tangu mwaka uliotangulia.

Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati, na mirija miwili ilikuwa imechomekwa ndani yake. Desturi ya nyumba ile ilikuwa wazi: binti na mchumba wakishanywa pamoja kutoka chungu kimoja mbele ya wazee, hakuna tena wa kupinga. Thobias alikwisha kuinama na kuushika mrija wake.

"Ngoja kidogo," Jovina alisema. "Kabla hatujanywa, nina swali."

Laurian alicheka. "Bibi harusi ana swali! Mzee, huyu ulimsomesha kupita kiasi."

"Mwache aulize," alijibu Mzee Anastazi.

"Thobias, rejeta ya Jean Paul iko wapi?"

Wote waligeuka kutazama kando ya zizi. Hapo, chini ya turubai, lilikuwapo gari dogo jekundu la mbio, la milango miwili, lililoundwa miaka ya sitini. Baba yake Jean Paul alishindania vikombe kwa gari hilo enzi za ujana wake, na katika mali yote ya ukoo ndilo pekee lililovuka mpaka, likichemka na kutoa mvuke njia nzima. Thobias ndiye aliyeifungua rejeta iliyokuwa ikivuja maji ya kupozea injini, akaahidi kuipeleka Mwanza ikaungwe. Siku hiyo Jovina alimshikia spana. Mapenzi yao yalianzia hapo, kati ya boneti iliyo wazi na beseni la maji machafu.

"Leo ni siku ya kuzungumzia vyuma, mpenzi?"

"Ndiyo."

"Iko Mwanza. Fundi anaiunga."

"Miezi yote hii?"

"Magari ya mbio ya zamani yana matatizo yake. Boneti iko chini, kwa hiyo rejeta ni fupi na pana. Ukifunga ya pikapu, boneti haishuki. Nimeulizia nyingine mpaka Nairobi, hakuna. Hata pampu ya maji nimeitafuta bila mafanikio."

"Ni kweli, vipuri vyake ni adimu," Jean Paul alisema kwa upole. "Shemeji amejitahidi. Mimi nasubiri."

Jovina hakumwondolea macho mchumba wake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Thobias. Natamani sana unijibu vizuri."

"Iko Mwanza. Naapa mbele ya baba yako."

Jovina alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Jana mimi na shangazi tulikwenda Mbuba kuwaalika ndugu. Tulikatisha shambani kwako, katikati ya migomba. Shangazi, waambie tulichokiona."

"Niseme mimi? Nitatapika tena." Scholastika alitema mate pembeni. "Ana mtambo wa gongo. Pipa linachemka, mvuke unaingia kwenye rejeta iliyolazwa ndani ya maji, na gongo inadondokea kwenye ndoo. Ina ukijani, kama kamasi la mgonjwa."

"Rejeta ni nyingi duniani," alisema Thobias.

"Fupi, pana, ya shaba, iliyobonyea kona ya juu?" Jovina aliuliza. "Niliipokea kwa mikono hii ulipokuwa ukiifungua."

Laurian aliacha kutabasamu. "Thobias, ile chupa uliyonipa asubuhi ilitoka huko?"

Thobias aliuachia mrija wake.

"Nakuuliza, bwana! Ilitoka huko?"

"Uliitaka mwenyewe."

Mshenga aliinuka, akakimbilia nyuma ya zizi. Sauti ya kutapika kwake ilisikika uani kote.

Jean Paul alikuwa amesimama. "Ile rejeta ina kutu ya miaka thelathini na dawa ya kupozea injini. Imeungwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Wewe unauza vipuri, unayajua haya. Dada yangu Nyirabahizi anajinyonganyonga kwa tumbo huko kwenye kambi ya wakimbizi. Jirani zake pia. Wote walikunywa gongo ya Mbuba."

"Jovina, nisikilize mimi," Thobias alisihi. "Ng'ombe wa mahari ningewatoa wapi? Nilifanya kwa ajili yako. Na mtu wa hapa simuuzii, naipeleka kambini tu. Wale kesho watarudi kwao."

Jovina alirudi nyuma hatua moja, akaufuta kwenye khanga mkono ambao Thobias alikuwa ameushika wakati wa kusalimiana.

"Wale? Jean Paul huyu hapa mbele yako. Mchana umekula naye sahani moja. Jana nililala nikikutetea, Thobias. Nilisema labda aliiuza bila kujua, labda kuna mtu anamtumia. Nilikuwa tayari hata kukusamehe mtambo, ungesema kweli. Sasa nikikutazama mdomo nasikia kichefuchefu."

"Baba, nisaidie." Thobias alipiga magoti mbele ya Mzee Anastazi. "Nitairudisha. Nitaiosha vizuri."

"Utaiosha!" Scholastika alidakia. "Na matumbo ya watu utayaosha kwa sabuni gani?"

Mzee Anastazi alikohoa. "Mwanangu, ng'ombe tumekwisha kuwapokea. Tulia. Tutakaa kikao wiki ijayo."

"Hapana, baba. Nisamehe."

Jovina aliuchomoa mrija wake kutoka chunguni, akaulaza chini, kisha akasimama wima.

"Baba, shangazi, Jean Paul, na wewe Laurian unayenisikia huko nyuma ya zizi: siolewi na Thobias. Ng'ombe wake waondoke leo, wasilale tena hapa. Mimi namfuata mtendaji wa kata sasa hivi twende Mbuba tukauvunje mtambo. Nikitoka huko nakwenda kambini, kila aliyekunywa apelekwe hospitali. Anayefuatana nami avae viatu."