K Bila Kulabu

Siku hiyo Furera alikwenda sokoni kugombana, wala hakuficha. Alikata mbele ya wauza vitenge, akawapita wauza manukato, hijabu yake ya zambarau ikipepea na mkononi kashika kitabu alichokitunga mwenyewe, mpaka kwenye kichochoro cha wapiga chapa. Akaingia duka la tatu.

“Mdomo umeketi mkekani!” alifoka.

Kijana aliyekuwa nyuma ya kompyuta aliinua macho. Alivaa kanzu nyeupe, kofia ya kufuma imelala upande. “Mdomo wa nani, Malama?” akauliza kwa adabu.

“Mimi niliandika wageni. Wageni wameketi mkekani! Ninyi mkachapa mdomo. Kurasa tisini na sita, kulabu hata moja hamna!”

Kihausa chetu kina k mbili, moja tupu na moja yenye kulabu. Ukiisahau kulabu, baƙi, yaani wageni, wanageuka baki, yaani mdomo. Wiki nzima wasomaji walikuwa wakimpigia Furera simu kumcheka, maana namba yake ilichapwa nyuma ya kitabu. Ndivyo tufanyavyo Kano: mwandishi hujichapia mwenyewe, huuza mwenyewe, na lawama hupokea mwenyewe.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. “Pole sana. Aliyekuchapia amehama. Mimi nimefungua hapa Jumatatu. Naitwa Sagiru.”

Furera alitamani ardhi ipasuke immeze. “Sasa mbona umeniacha niseme yote hayo?”

“Ulikuwa unagombana vizuri. Niliona vibaya kukukatiza.”

Akacheka bila kupenda. Na mwanamke aliyekuja kugombana akicheka, jamani, hapo pana kazi.

Siku za kazi, kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, Furera aligawa dawa kwenye dirisha la hospitali. Alasiri aliketi barazani kwao, miguu ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto, akaandika kwenye daftari. Kila Jumamosi alipeleka kurasa za kitabu chake kipya kwa Sagiru, naye alizichapa, kila kulabu mahali pake. Wiki ya tano, simu ya wasomaji iliita akiwa kazini.

“Hapo ni kwa mwandishi Furera?”

“Ndiye mimi. Sema haraka, nina foleni.”

“Nina malalamiko. Yule kijana wa ukurasa wa arobaini anampenda msichana tangu ukurasa wa pili na hajasema. Anangoja nini?”

“Lakini hicho kitabu hakijatoka bado, mtu gani ame... Sagiru! Huna haya wewe!”

“Ninayo, kipenzi. Ndiyo maana nimepiga simu.”

Siku ile Furera aligawa dawa huku anatabasamu, mpaka wagonjwa wakaulizana kulikoni.

Ijumaa moja Sagiru alimwomba Furera ruhusa ya kwenda kwao Daura kuwaita wazee wake, waje wamposee. Furera alifurahi, kisha akaogopa. Mwaka juzi alikuwa na mchumba mfanyabiashara, Alhaji Bashari, ambaye baada ya kupeleka mahari ndipo alipomwambia kwamba mkewe hatakaa dirishani kutazamwa na watu, wala namba yake haitazagaa nyuma ya vitabu kila mwanamume apige. Mahari yakarudi, na mtaa mzima ukasema. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ana kwa ana asingeweza kuuliza, kwa hiyo akaandika ujumbe:

“Sagiru, kazi siachi, kuandika siachi, na namba yangu itabaki nyuma ya vitabu. Kubali au kataa sasa, si baada ya ndoa. Nijibu kwa neno moja.”

Jibu liliingia kabla hajaiweka simu chini, nalo lilisomeka: Na ki.

Simu zetu hazina kulabu. Mtu huandika k tupu, msomaji akajiwekea kulabu mwenyewe panapostahili. Furera aliisoma, akaiwekea kulabu, na moyo ukamlipuka. Na ƙi. Nimekataa.

Alilia mpaka kichwa kikamuuma. Sagiru alipiga simu siku ile, akapiga kesho yake, akapiga kutoka Daura. Furera hakupokea hata moja. Wiki nzima daftari halikufunguliwa.

Alhamisi, foleni ikiwa imefika mlangoni, mtu akainama dirishani. Alikuwa Sagiru, ndani ya joho la buluu lililopigwa pasi likasimama lenyewe, ananukia udi.

“Wazee wamefika,” alinong’ona, meno yote nje. “Wako kwangu wanakula. Waende kwa baba yako lini?”

“Wazee wa nini? Una uso mkavu wewe!”

“Furera?”

“Siku sita sipokei simu zako, na bado unaleta wazee?”

“Si nilidhani ni haya ya bibi harusi! Mama yangu alimkimbia baba mwezi mzima.”

“Haya gani? Umenikataa kwa maandishi!” Akamsukumia simu kwenye tundu la dirisha.

Sagiru alisoma. Uso ukamshuka. “Niliandika naki,” alisema polepole. “Yaani mimi ni wako. Simu imelikata neno katikati.”

“Kwa nini hukuandika ndiyo kama watu wengine?”

“Ndiyo niliiona ndogo.”

Furera aliivuta simu yake, akausoma ujumbe tena.

“Simu ilikata tu,” Sagiru aliongeza kwa upole. “Kulabu umeiweka wewe, kipenzi.”

Ilikuwa kweli, na ilimuuma. Wiki nzima alikuwa amemlilia mwanamume aliyekwisha kukubali. Machozi yalimtoka tena, mbele za watu, na safari hii hakuyafuta.

“Binti,” alisema bibi mmoja nyuma ya Sagiru, “mhudumie huyo kwanza. Kikohozi changu kitangoja.”

Foleni ikacheka. Furera alipenga kamasi. “Wanaume watapiga hiyo namba, Sagiru. Kila siku.”

“Wapige. Nikiwa karibu nitapokea mimi, niwauzie kitabu.”

Alimtazama sana, akitafuta Alhaji Bashari mahali popote usoni pake, asimwone.

“Waje Jumapili,” alisema. “Na uwaambie mapema, wasije wakashangaa mbele ya baba. Asubuhi niko dirishani. Alasiri naandika. Nikiwa kwako ndivyo itakavyokuwa.”

“Nitawaambia. Na mimi je, umeniwekea saa ngapi?”

Msichana wa Kano hasemi maneno ya mapenzi hadharani. Furera aliyasema, na foleni nzima ikasikia.

“Jioni zote zako.”

Kisha akamwita bibi wa kikohozi.