Kondoo wa Shosho Gladwell

Mvua ilinyesha Kiminini tangu asubuhi na mbuzi wote wakafika na tope hadi magotini. Kondoo mmoja tu, mweusi, ndiye aliyekuwa na kwato kavu kama unga.

Ilikuwa Jumamosi ya wanyama katika makao ya wazee, mwaka wa 2006. Wazee wenyewe walikuwa wakulima; ukiwanyima harufu ya mifugo wanasinyaa. Kwa hivyo majirani walileta mifugo yao ishikwe-shikwe. Masharti yalikuwa mepesi, hata mlevi angeyakumbuka: mnyama awe na chanjo, afungwe kamba, aje na mwenyewe, na asilale ndani.

Wahome, msimamizi, bwana tai na tumbo, akamwona kondoo hana kamba wala mtu.

"Huyu ni wa nani?"

Kila jirani akashika kamba ya mnyama wake. Shosho Gladwell, bibi kizee wa makao hayo, alikuwa ameshamkumbatia. Wanawe walimtupa hapo walipouza shamba lake, na hawakurudi hata kumsalimia.

"Basi ni wako, Shosho," Wahome akacheka. "Si sasa ana mwenyewe?"

Ona msomi! Jini hubisha hodi tu. Yeye akamfungulia, akampa na kiti.

Jioni kondoo akagoma kutoka chumbani mwa Shosho. Wanaume walimfunga kamba, wakavuta hadi ikakatika. Harufu ya sufu inayoungua ikajaa chumbani, na tangu siku hiyo Sumeya, mhudumu, akawa anasikia kutafuna, na hapakuwa na jani hata moja mle ndani, kutafuna polepole kulikoanzia chini ya kitanda kukapanda hadi kwenye godoro, na kila kukicha kondoo amenenepa na Shosho amepungua, mashavu kwanza, kisha mikono, hadi blanketi likalala kitandani kama halijafunika mtu.

"Bosi, inamkula," Sumeya alinong'ona.

"Ati nini? Si umwite maalim wenu, bana!" Wahome alijibu kutoka mlangoni. Kuingia, thubutu!

Maalim Abdikarim akaja kutoka Kitale, akasoma mpaka jasho likamtoka. Kondoo akamgeukia, akamtazama kwa macho ya binadamu.

"Alikabidhiwa kwako mbele ya watu," maalim akamwambia Shosho. "Mimi simwezi. Mama, ni wewe tu. Mwambie atoke. Ukinyamaza, wiki hii haiishi na wewe."

Shosho akacheka, ufizi mtupu.

"Nimfukuze? Maalim, wanangu wako na magari. Mmoja anakaa Kitale hapo tu. Huyu alikuja na miguu."

Akajisogeza ukutani, akainua blanketi.

"Njoo, mwanangu."