Nilichoma Matairi Huku Odia Akinisubiri

Nina miaka hamsini na minane. Ni fundi wa magari hapa Kolwezi na baba wa watoto watano. Kanisani wananiweka kiti cha mbele. Ninachowaandikia leo hakuna anayekijua, hata mke wangu…

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kijana katika gereji ya mgodi. Rafiki yangu wa kazi aliitwa Mbuyi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, na Kiswahili chake kilikuwa sawa na changu. Tulikuwa na Peugeot moja kuukuu, gari letu sisi wawili. Tuliipata ikiwa mabati matupu tukaifufua kwa mikono yetu. Jumapili baada ya misa tulikwenda kushindana kwenye kipande cha lami kilichonyooka, njia ya Nzilo. Magari mawili yanasimama sambamba, mtu anashusha kitambaa, na anayefika kwanza kwenye nguzo ndiye mshindi.

Nguvu yetu ilikuwa matairi ya nyuma. Kabla ya kuondoka, Mbuyi alimwaga maji chini yake. Mimi nilikanyaga breki, ambayo tuliitengeneza ishike magurudumu ya mbele tu, kisha nikakanyaga mafuta. Gari halisogei, ya nyuma yanazunguka pale pale, moshi mweupe unapanda, mpira unapata moto na kulainika hadi unanata kwenye lami. Dereva haoni kitu. Mbuyi ndiye aliyechuchumaa pembeni akiangalia mpira, na akiona inatosha alipiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja. Hapo ninaacha.

Kisha maisha yakaanza kuanguka. Mgodi ukaporomoka, mishahara ikakoma, tairi jipya halikuonekana mji mzima. Wakubwa wakasema kwenye mikutano kwamba shida zetu zote zimeletwa na Wakasai, warudi kwao. Kwao wapi? Mbuyi hakuwahi hata kuiona Kasai. Walipomfukuza gereji pamoja na wenzake, nilikuwa nimesimama pale, spana mkononi. Nikainama kuendelea na kazi.

Jumamosi moja alikuja kwangu. Mkewe Odia alikuwa na mimba ya miezi minane na miguu ilikuwa imevimba.

"Ndugu yangu, batu bamesema kesho banakuya kutufukuza," aliniambia. "Kuya na motokari saa sita. Utufikishe tu ku gare ya treni. Odia hawezi kutembea."

"Nitakuya," nilimjibu. "Saa sita."

Na nilikusudia kwenda, naapa. Lakini asubuhi yake vijana wa mtaa walinipitia. Kulikuwa na mashindano saa tano, watu wote watakuwepo. Mmoja wao akanitazama machoni.

"Na Mukasai wako iko wapi?"

Nikaogopa. "Mi siko na Mukasai," nikasema.

Nilijiambia hivi: nishindane mara moja tu, wanione niko upande wao, kisha hakuna atakayeniuliza gari linakwenda wapi. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa… na pia nilitaka kushinda.

Siku hiyo nilimwaga maji mwenyewe. Nikaingia, nikakanyaga. Moshi ukapanda, watu wakaanza kuimba jina langu, na mimi nikalewa sifa. Nikaendelea kukanyaga. Harufu ya mpira ilibadilika, nikaisikia, bado nikaendelea. Tairi la kulia likapasuka kwa mshindo na gari likainama. Mbio zenyewe zilikuwa hazijaanza.

La akiba lilikuwa bovu. Nilikimbia kwa wenye magari nikiomba wanipeleke mjini. Mmoja alikuwa tayari kabisa. Akaniuliza, "Unaharakisha wapi? Kuko nini?" Nikashindwa kumtaja Odia mbele ya wale vijana. Nikasema si kitu. Huenda neno moja tu lingemwokoa… Nikaanza kutembea.

Nilifika kwa Mbuyi saa tisa. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Jirani yao, Mama Régine, alikuwa anafagia vioo uani.

"Balikuchunga sana, balikungojea, tata," aliniambia; tata kwetu ni baba. "Mama Odia alikaa hapa na valizi yake ya nguo, anasikiliza kila motokari inapita. Batu balimwambia Mbuyi atoke mapema, akakatala. Akasema, yee atakuya."

Waliondoka kwa miguu, wakifukuzwa kwa fimbo.

Je, nilikwenda stesheni siku ile? Sikwenda. Ilinichukua siku tatu kupata uso wa kwenda. Nilikuta maelfu ya watu wamekaa chini kwenye mvua, wamejifunika vitenge na mifuko ya plastiki. Mbuyi alikuwa amepakata kitu kidogo kilichofungwa kwenye shuka. Odia alikuwa amejifungua Jumapili ile ile, kando ya njia. Damu haikusimama. Mtoto, msichana, alikuwa hai.

Mbuyi hakunitukana. Aliuliza tu, "Motokari ilikufa?"

"Tairi ilipasuka."

"Ilipasukia wapi?"

Akamfunika mtoto vizuri na kunigeuzia mgongo. Baada ya majuma kadhaa treni iliwachukua kwenda Kasai.

Miaka ilipita. Wengi walirudi. Mwaka jana, nje ya kanisa kule mtaa wa Manika, nilikutana na Mbuyi, nywele nyeupe, ameongozana na mwanamke mwenye sura ya Odia kabisa. "Huyu tata tulitumika naye kazi mu garage," alimwambia. Basi.

Yule binti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tata, basi ulimujua mama yangu? Papa hapendi kuongea juu yake."

Nikamwambia nilimwona mara chache tu. Odia, aliyenipakulia bukari, ugali wetu wa huku, kila Jumapili kwa miaka minne…

Ndugu zangu wasomaji, mimi sikumpiga mtu wala sikuvunja mlango wa mtu, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo. Siku watu wanapoanza kufukuzwa kwa sababu ya kabila lao, usiseme utakwenda baadaye kidogo. Ukiulizwa kama unawajua, sema ndiyo, ninawajua, na utaje majina yao. Mimi nilinyamaza nikapona. Sijalala vizuri tangu hapo, na yule binti bado anasubiri mtu wa kumweleza mama yake alikuwa mtu gani.