Mfuko wa Chupa ya Maji

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Alikata nyuzi, akashona vifungo, na akatumwa kuazima pasi kwa Mama Pacha, fundi wa mabegi ya shule aliyekodi chumba cha jirani.

Siku moja alikuta begi jipya mezani kwa Mama Pacha. Ubavuni lilikuwa na mfuko wa chupa ya maji ulioinama kidogo, chupa isichomoke hata mtoto akikimbia. Mama Pacha alikuwa ameufumua na kuushona upya wiki nzima mpaka ukamridhisha. Chapuchapu aliutazama vizuri, akarudi, akakata wake na kuushona kwenye begi la shangazi. Shangazi, asijue wazo lilikotoka, alimsifu na kulitundika begi mlangoni.

Wateja walilipenda, wakashonewa mengine. Lakini Chapuchapu hakuwa na raha. Kila alipokwenda kuazima pasi, Mama Pacha alimpa, na mabegi yake yalikuwa bado yananing'inia palepale bila mnunuzi. Darasani aliitwa mara mbili ndipo akasikia.

"Shangazi," alisema mwishowe, "mtu akiiga mshono wa mwenzake, anakamatwa?"

"Nani amkamate? Mishono inaigwa kila siku. Mbona unauliza?"

Chapuchapu akamweleza yote. "Lakini sikuiba kitu," alijitetea. "Begi lake nililiacha palepale."

Shangazi aliacha kukanyaga cherehani. "Uliliacha begi, ukachukua wiki yake nzima. Twende."

Mama Pacha aliwasikiliza huku akikunja kitambaa. "Nililiona begi lenu siku ileile mlipolitundika," alisema. "Nikadhani shangazi yako ndiye aliyekutuma. Hilo ndilo lililoniuma."

Shangazi aliinamisha uso. Chapuchapu alipoona hivyo, machozi yakamtoka. "Ni mimi peke yangu, mama. Nisamehe."

Walikubaliana kwamba anayetaka begi la namna ile aelekezwe kwa Mama Pacha. "Jicho unalo," Mama Pacha alimwambia Chapuchapu. "Njoo kesho tutafute namna ya kushona mkanda usioumiza bega. Ukiipata, itakuwa yako."

Nje, shangazi alimshika mkono. "Ni kweli, mwanangu, hakuna askari atakayekuja. Lakini ukitaka kuiga kazi ya mtu, muulize kwanza. Ukiona haya kumuuliza, basi umeshajua kwamba unamdhulumu."