Sekunde Arobaini za Darajani

Swafiya alikuwa amekwisha kukasirika kabla hajamwona yule mwanamume. Hilo tulikumbuke, maana baadaye alimtwika hasira zote, hata zile alizotoka nazo nyumbani.

Ilikuwa Aprili 2015, katika maonyesho ya vitabu vya katuni hapo Dubai, ukumbi umefurika. Vijana wamevaa mabawa ya plastiki, akina mama wanasukuma vigari vya watoto waliopakwa rangi usoni, kiyoyozi kinachoma masikio. Swafiya alivaa abaya nyeusi aliyoishona mwenyewe, na kwenye mikono yake alikuwa ametarizi mnyororo wa rangi ya shaba uliozunguka hadi kiwikoni. Mbele yake lilining'inia bango la filamu ijayo ya Nanga.

Nanga, kwa asiyemjua, ni shujaa wa vitabu hivyo, mwanamke fundi wa bandarini ambaye akikishika kitu hakisogei, kiwe treni, kiwe ukuta unaoanguka. Swafiya, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa amesoma kila toleo kwa miaka tisa. Siku hizi alisomea ndani ya metro, kati ya chumba chake cha kupanga Discovery Gardens na duka la Deira alikoshona abaya. Alikuwa pia na ukurasa mtandaoni, na watu elfu sita, wa Mombasa hadi Kampala, walimfuata ili wamsikie akigomba.

"Visigino," alisema peke yake, akilitazama bango. "Mwanamke azuia treni kwa visigino."

"Labda treni yenyewe ya abiria wastaarabu," sauti ya kiume ikajibu nyuma yake, kwa Kiunguja kilichonyooka.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi vizuri, kitambulisho cha kazini kinaning'inia shingoni, macho yanacheka hata mdomo ukiwa umetulia.

"Wanifanyia mzaha," alisema Swafiya. "Kitabuni avaa ovaroli na viatu vya mpira. Adui wake ni mwenye nyumba afukuzaye wapangaji. Wajua kwenye filamu wamemfanya nini mwenye nyumba? Katoka sayari nyingine. Wamwogopa nani?"

"Wenye nyumba nao wananunua tiketi, bibi wewe."

"Na ikifika huku ndiyo balaa zaidi. Watakuja wale wakaguzi wenye mikasi wakate hata kilichobaki. Watu wale wangekatwa wao vidole."

Kijana alicheka, lakini mkono wake ulipanda kifuani ukakigeuza kile kitambulisho, maandishi yakalalia shati. Swafiya aliona, akadhani ni haya.

"Naitwa Adib," alisema. "Nafasiri filamu. Yale maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya picha."

Hapo alisema kweli, ila hakuimaliza.

Mapenzi yao yalikua kwa simu na kwa ubishi. Adib, mtoto wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia Dubai zamani, alimpigia kila jioni akitoka ofisini kwake Jumeirah Lake Towers, na kila jioni walikuwa na la kugombania.

"Habibti, filamu haiwezi kuwa kitabu."

"Sijasema iwe kitabu. Nasema wapiganaji wako hewani dakika arobaini, mji wote wavunjwa, na hakuna hata mtu mmoja aonekanaye akifagia. Kitabuni Nanga arudi asubuhi yake kuokota matofali."

"Nikikuoa utanifanya niokote matofali?"

"Nikikubali."

Alikubali. Mwaka wa pili ulipoingia, ikapangwa kwamba mama yake Adib angekwenda kuleta posa kwa Mjomba Awadh, aliyekuwa na ofisi ya mizigo Deira na ndiye aliyesimama badala ya baba wa Swafiya. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Ijumaa. Filamu ya Nanga ilitoka Alhamisi ya wiki moja kabla.

Walikwenda kuitazama watatu. Virginia, Mkamba wa Machakos aliyelala chumba kimoja na Swafiya na kulinda jengo hukohuko Jumeirah Lake Towers, aliketi katikati yao na ndoo ya bisi, ili watu wasiseme. Swafiya alivumilia visigino. Alimvumilia na mwenye nyumba wa sayari nyingine. Alichokuwa akikingoja ni daraja.

Toleo la kumi na nne, mafuriko, watu wamekwama darajani. Nanga amelishika daraja siku nzima ili wapate kuvuka. Mumewe anakuja majini, na katika picha isiyo na neno hata moja anauweka mkono wake juu ya kifundo cha mkono wa mkewe. Ndipo anapoachia. Swafiya alikuwa ameirudia picha ile mpaka ukurasa ukachakaa.

Kwenye filamu Nanga alilishika daraja, maji yakavuma, yakavuma zaidi, kisha vidole vyake vikafunguka na daraja likachukuliwa na maji. Hakuonekana mume wala mkono.

"Amewaachia," Swafiya alinong'ona. "Amewaachia watu wafe."

Macho ya Adib yalibaki kwenye skrini, na bisi alizopewa na Virginia zilikuwa bado kiganjani mwake taa zilipowashwa.

Jioni ileile Swafiya alirekodi. Alisema wenye filamu wamemfanya Nanga muuaji, kwamba wamechukua mwanamke anayeshika wakamgeuza mwanamke anayechoka, na kwamba mtu yeyote mwenye heshima asipoteze saa mbili zake kule. Mamia wakaunga mkono kabla hawajaiona filamu yenyewe.

Jumamosi wakawa wameiona.

"Dada, ulilala?" aliandika mmoja wa Nairobi. "Mumewe yupo. Anakuja, anambusu, anaongea. Karibu dakika nzima." Wa Kampala akasema hivyohivyo. Wa Mombasa, mtu wa mtaa wao kabisa, akachora mwanamke wa abaya yenye mnyororo akikoroma sinemani, akamwita Mama Usingizi, na kufikia Alasiri jina lilikuwa limemganda. Miaka mitano ya kusikilizwa ikageuka kichekesho kwa siku moja.

Alimpigia Adib. "Wewe ulikuwepo. Nambie ukweli, nililala?"

"Hukulala."

"Basi pamekatwa. Najua hukata mabusu, lakini siku zote waona, picha yaruka, muziki wakatika. Mimi ni mshonaji, Adib, mshono haunipiti. Pale hapakuwa na mshono. Aliyekata pale si mtu wa kubahatisha."

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Adib."

"Tuonane kesho, mpenzi wangu. Hili si la simu."

Walikutana Jumapili saa kumi na mbili jioni, kwenye mkahawa ulio kando ya ziwa, chini ya minara ya ofisi. Swafiya alivaa abaya ya kijivu isiyo na nakshi. Adib aliweka kitambulisho chake mezani, maandishi juu. Swafiya alisoma jina, kisha cheo chini ya jina: mhariri wa nakala za sinema.

"Nafasiri, kweli," alisema Adib. "Na nikishafasiri, nakata. Naletewa orodha, naondoa kilichoandikwa. Pale darajani palikuwa na busu, na maneno yake yamo ndani ya busu lenyewe. Sekunde arobaini."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nisingekata mimi angekata mwingine, kwa shoka. Nilikaa siku mbili na kipande kile, Swafiya. Nilichukua mvumo wa maji wa mwanzo nikauunga na wa mwisho. Nilitaka Nanga asiharibike. Nilitaka isionekane."

"Haikuonekana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mhudumu aliyekuwa akija alirudi. "Ungekata vibaya ningejua. Ningesema filamu imekatwa, khalas. Lakini wewe hodari, ukanishonea uongo usio na mshono, kisha ukaketi viti viwili kutoka kwangu ukanitazama nikiuvaa."

"Nilitia sahihi kazini kwamba sitasema."

"Hukutia sahihi kwangu? Nilirekodi Alhamisi. Ijumaa ukanipigia, ukaniuliza nimekula nini. Jumamosi naitwa Mama Usingizi, wewe wajua, umenyamaza. Sikasirikii mkasi, Adib. Nakasirikia mdomo wako. Uliniacha niongee."

"Niliogopa. Siku ile ya kwanza ulisema tukatwe vidole."

"Na mama yako akija Ijumaa, mjomba akiuliza kijana afanya kazi gani, ungekata wapi?"

Swafiya aliinuka.

"Mwambie mama yako asije."

Siku mbili alishona kwa hasira. Alivunja sindano mbili na akamjibu mteja mmoja vibaya. Simu ya Adib ililia, akaizima. Usiku wa kuamkia Jumatano Virginia, akivua buti zake za kazi, alisema lake.

"Swafi, sisemi yuko right. Lakini dakika tano za kwanza ulimwambia akatwe vidole. Hata mimi ningeficha badge."

"Hizo dakika tano ningemsamehe. Mwaka mzima amenificha kazi yake. Na hizi siku nne?"

"Hizo nne hata mimi siwezi mtetea," alikubali Virginia, akapanda kitandani.

Asubuhi, ndani ya metro kuelekea Deira, ujumbe wa sauti uliingia. Swafiya alikusudia kuufuta. Aliusikiliza.

"Naitwa Adib," ilisema sauti, na akataja jina lake kamili, kampuni yake, na ghorofa. "Mimi ndiye niliyekata sehemu ya darajani katika filamu ya Nanga iliyoonyeshwa Dubai. Swafiya hakulala. Alitazama vizuri kuliko wote. Kosa langu, na nilinyamaza alipochekwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Uweke kwenye ukurasa wako. Sitakulaumu."

Swafiya alijua maana yake. Ukienda hewani, kazi ya Adib imekwenda, na kazi ikienda, kibali cha kukaa hakina siku nyingi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Watu elfu sita wangemwomba radhi kabla ya adhuhuri. Alitaka hivyo, tusimfanye malaika, alitaka kwa moyo wake wote. Vituo vinne alikaa hivyo, akizidi kukasirika, maana mwanamume yule alikuwa amempa jambo lile zima na kumwachia yeye achague pa kukata.

Aliposhuka Deira alisimama kwenye kona yenye kivuli, akarekodi kwa sauti yake mwenyewe.

"Nilikosea kuhusu daraja. Sehemu ipo, huku kwetu imekatwa, na nilipaswa kuuliza kabla ya kutukana. Aliyekata simjui wala simtafuti. Nanga si muuaji. Lakini visigino ni upuuzi, na mwenye nyumba mrudisheni duniani."

Alisikiliza alichorekodi. "Simjui" ilipita vizuri, mshono wake haukuonekana hata kidogo. Alitabasamu kwa uchungu, akakiweka kwenye ukurasa wake. Kisha akampigia Adib.

"Nimeufuta ujumbe wako. Mimi si msaliti. Na bado nimekasirika, usijidanganye."

"Sijidanganyi."

"Kitabuni mumewe hasemi kitu. Filamuni wasema anaongea. Anasema nini?"

Adib alivuta pumzi. "Niliyafasiri kabla ya kuyaondoa. Hakuna mtu aliyeyasoma. Ndiyo maandishi bora niliyowahi kuandika."

"Nimekuuliza anasema nini."

"Anatoka majini. Kanzu yake, sijui niite kanzu, shati lake limemganda. Nanga hamwoni, amefumba macho. Anaweka mkono pale pale unapopajua. Anambusu. Kisha anamwambia: watu wameshavuka wote. Umebaki wewe. Teremka twende nyumbani."

Swafiya aliegemea ukuta. Wapagazi walipita na mikokoteni ya marobota, mmoja akisema yalla, yalla, naye hakusogea. Kwa hiyo Nanga hakuwaachia. Hakukuwa na mtu wa kuachiwa.

"Wote?" aliuliza.

"Wote. Mpaka mbwa."

Alilia kidogo hapo, kwa hasira na kwa lile jingine. Akajifuta kwa ukingo wa mtandio.

"Mama yako aje Ijumaa baada ya Alasiri. Na wewe uje. Mjomba atauliza kazi. Ukikata hata neno moja, nitasikia, nitakuwa nyuma ya pazia."

Ijumaa sebule ya Mjomba Awadh ilinukia udi. Mama yake Adib alikaa kwa heshima na kikapu cha halua miguuni. Adib alivaa kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, uso umemkauka. Nyuma ya pazia la jikoni Swafiya, katika abaya yake ya mnyororo wa shaba, alishika sinia la kahawa na kungoja. Si desturi ya kwao bibi arusi atokee posa inapozungumzwa.

"Na kazi yako, kijana?" mjomba aliuliza.

"Nafasiri filamu," alisema Adib.

Vikombe vikagongana juu ya sinia.

"Na nazikata," aliendelea. "Ile ya daraja, iliyomfanya Swafiya achekwe, niliikata mimi. Nilikuwa naye sinemani na nikanyamaza siku nne. Nimeona ulisikie kwangu."

Mama yake Adib alitazama halua yake. Mjomba Awadh, mtu mpole ambaye tangu Jumamosi alikuwa akiulizwa habari za Mama Usingizi na kila dereva wa mizigo, alikunja uso.

"Nyumbani kwangu umekuja kunambia hivi," alisema taratibu, "na wataka nikupe binti?"

Pazia likafunguka. Swafiya alitoka na sinia, mbele ya wakubwa, desturi au si desturi. Alimpita mjomba, akampita mkwe wake mtarajiwa, akainama na kuweka kikombe cha kwanza mbele ya Adib.

"Mjomba," alisema, na hasira ilikuwa bado iko sautini, ila imeketi, "watu wameshavuka wote. Mwache anywe kahawa."

Mjomba hakuelewa hata neno. Adib alikishika kikombe kwa mikono miwili.