Nyumba Isiyo na Jikoni

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Syntiche hakubaki uwanjani kuruka kamba na wenzake. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akawasha mkaa, akasonga bukari, yaani ugali, akapasha moto sombe ya jana, kisamvu cha kwao, kisha akafunga vyungu vyote viwili kwa kitambaa na kushika njia ya hospitali. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa wiki tatu sasa ndiye aliyekuwa mama wa nyumba.

Mama yake, Annie, alikuwa akilala hospitalini pamoja na Kiki, mdogo wake Syntiche. Kiki alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, ule ambao watu wengi wa Lubumbashi huuita SS tu. Mifupa ilipomuuma, alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku za kwanza, Syntiche alilia naye. Baadaye machozi yakakatika, na si machozi peke yake. Moyo wake ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliusikia upo, lakini haukuwa wake.

"Umekula, mama?" Mama Annie aliuliza kila mchana, akipokea chakula. Huko kwao mzazi humwita binti yake "mama" kwa mapenzi.

"Nilisha kula ku nyumba."

Jioni baba yake, André, alirudi kutoka kwenye karakana yake, ambako alifunga upya waya za mota zilizoungua. Syntiche alimpakulia.

"Na weye?"

"Nilisha kula kule kwa mama."

"Uko bien?"

"Niko bien, papa."

Alisema bien, yaani salama, na mambo yakaishia hapo. Mama aliamini, baba aliamini, na tumbo la Syntiche halikuulizwa. Chai ya asubuhi na kipande cha muhogo, basi. Hakuwa akijinyima makusudi. Aliona chakula kama anavyoona ukuta, na nani hula ukuta?

Siku ya Jumatatu, Kiki alihesabu kwa vidole na kutangaza kwamba Jumamosi atatimiza miaka minane. Alitaka keki, mishumaa na watu wengi. Muuguzi, Mama Lydie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini, alitikisa kichwa.

"Humu mna watoto wanane wagonjwa, Kiki. Hakuna fete, hakuna moto. Jumamosi nitawaruhusu papa na yaya yako waingie pamoja na mama, nusu saa."

Yaya ni dada mkubwa, yaani Syntiche. Kiki aliposikia kwamba hakuna sherehe, aligeukia ukutani. Tangu saa hiyo alikataa kunywa maji. Daktari alikuwa ameeleza kwamba kwa ugonjwa ule maji ni nusu ya dawa, na mtoto asipokunywa, maumivu hurudi kwa nguvu. Mama alibembeleza, akakaripia, akabembeleza tena. Kiki alionja kidogo tu, kisha akafumba mdomo.

Syntiche aliitazama bilauri iliyojaa. Alijua kwamba alipaswa kuogopa, lakini woga haukuja. Lililokuja ni wazo: kama Kiki hawezi kwenda kwenye sherehe, sherehe itaingia ndani ya boksi la viatu.

Kila alasiri, akitoka hospitalini, alipita karakanani. Chini ya meza ya baba palikuwa na mabaki ya waya wa shaba, mengine mekundu, mengine ya rangi ya asali. Alikunja waya akapata miguu, mikono na vichwa. Aliwavika watu wake vipande vya kitenge. Keki aliichonga kwa kisu kutoka kwenye sabuni nyeupe, kwa sababu alijua kwamba keki ya unga ingeliwa na sisimizi kabla ya mwenyewe kuiona. Njiti nane za kiberiti zilizokwisha kuwaka zilikuwa mishumaa. Viti alivikata kutoka kwenye bidoni la manjano la kutekea maji lililopasuka, na vifuniko vya kalamu vilikuwa chupa za jusi.

Wageni walikuwa wanane. Papa alishika bisibisi ndogo ya waya. Mama alikaa kitini akisinzia. Kiki alivaa gauni jekundu. Kunda na Mwelwa, marafiki zake wa mtaani, walikuwepo, pamoja na dada wawili wa jirani. Wa nane alikuwa Mama Lydie mwenyewe, kilemba cheupe kichwani, sindano ameificha nyuma ya mgongo.

"Hee! Mikono hii umeitoa wapi?" baba yake aliuliza, akiinua boksi.

Syntiche alijua kwamba kazi ni nzuri, kama anavyojua kwamba mbili na mbili ni nne. Hakufurahi. Alirudi kukata kiti.

Jumamosi ilifika. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, wote wanne walikuwa katika chumba kimoja. Syntiche aliweka boksi kitandani, akafungua upande mmoja.

Kiki aliinuka kwa kiwiko. Alimgusa kila mgeni kwa kidole, akimtaja jina. Alipoiona sindano mgongoni mwa Mama Lydie, alicheka mpaka mtoto wa kitanda cha pili naye akacheka.

"Lakini fete hii iko na sheria," Syntiche alisema. "Kila mgeni anataka kunywa pamoja na weye."

Kiki akanywa na papa, akanywa na mama, akanywa na Kunda. Alipofika kwa mgeni wa nane, bilauri ilikuwa tupu, na Mama Annie alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha Kiki akahesabu tena wageni, akakunja uso.

"Yaya, na weye uko wapi?"

Syntiche alishtuka. Hakuwa amejisahau kwa makusudi. Kwenye fete zote za nyumbani kwao, binti mkubwa haketi. Huwapakulia watu, hugawa, huosha sahani.

"Miye niko ku jikoni," alijibu. "Napakulia bantu."

Kiki aliligeuza boksi. Alichungulia nyuma, akachungulia chini.

"Hii nyumba haina jikoni," alisema.

Mama Annie alimtazama binti yake mkubwa. Aliona mifupa ya mabega, aliona gauni linavyoning'inia.

"Syntiche. Leo ulikula nini?"

"Nilisha kula..."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Syntiche ilikuwa imeishia pale, katikati ya baba na mama.

"Kwangu anasema anakula huku," baba alisema polepole.

"Na huku anasema amekula kwako."

Mama Lydie, aliyekuwa akibadilisha chupa ya dawa, alimvutia Syntiche kiti na kumkalisha.

"Sasa sema kweli, mtoto wangu."

"Sisikii njaa," Syntiche alisema. "Sisikii kitu. Hata Kiki akilia, sisikii. Mama iko na Kiki, papa iko na kazi. Nilisema, nikiwaongezea mzigo na wangu, nani ataubeba?"

Baba alimshika mkono. Ndipo ganzi ikaanza kumtoka, na kama mguu unapoamka, iliuma kila mahali. Alilia kwa sauti, mbele ya watoto wanane wagonjwa, na hakuna aliyemkataza.

Mama Lydie alisubiri kilio kipungue.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Kiki alisema anaumwa, tukampa dawa. Weye ulisema uko bien, tukakupita. Si mgonjwa wa kitandani tu anayeugua. Hata anayebeba chungu anaweza kuugua. Kusema kweli kwa anayekuuliza hali si kumwongezea mzigo. Ni kumwonyesha pa kushika." Kisha akawageukia wazazi. "Na sisi wakubwa, tukiuliza 'Umekula?' tumwangalie mtoto, tusisikilize jibu tu."

Mama Annie alifungua vyungu. Walinawa, wakala pamoja. Syntiche alimeza matonge manne. La tano alilihisi tamu.

Baba alitoa kipande cha waya mfukoni, akakikunja kwa vidole vyake vizito. Mtu aliyetoka hapo alikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Kiki alimpokea, akamwondoa Mama Lydie wa waya kwenye kiti cha karibu na keki, akamketisha hapo yaya yake mpya wa waya.

"Mama Lydie atasimama," alisema. "Leo yeye njo atapakulia bantu."